Mlezi wa Alhamisi

Hakuna mtu skulini kwetu aliyewahi kumwona akikimbia, na hakuna aliyewahi kumfikia alipotaka kumfikia. Ukitoka ofisi ya walimu kumfuata, ukaenda darasa la kushona, unaambiwa, "Katoka sasa hivi, kaenda kwa watu wa kupanda mikoko." Ukifika kwa watu wa mikoko unaelekezwa uwanja wa nage, ule mchezo wa mpira wa wasichana. Ukifika uwanjani umetota jasho, unamkuta kasimama kimya, kikapu chake cha ukindu mkononi, kama mtu aliyekuwapo hapo tangu asubuhi, na yeye ndiye anayekuuliza:

"Mbona wahema, mwalimu? Unakimbizwa?"

Tukimwita Mlezi. Wanafunzi walimwita hivyo, walimu wenzake tulimwita hivyo, na Mwalimu Mkuu naye, ambaye kwa kawaida alipenda kutaja watu kwa majina yao kamili na ya baba zao, kwake yeye aliishia hapo hapo kwenye Mlezi.

Kwa msomaji ambaye skuli ameiacha zamani, nieleze kidogo. Kila klabu ya wanafunzi lazima iwe na mwalimu wa kuiangalia: kufungua chumba, kuamua ugomvi, kuona kwamba waliotoka na majembe wamerudi nayo. Mwalimu huyo huitwa mlezi wa klabu. Skuli nyengine kila klabu ina mlezi wake. Kwetu, kusini ya Pemba, njia ya kwendea Kengeja, kila mwalimu alipoombwa alikuwa na udhuru. Mmoja ana muhogo wake shambani, mwengine ana mgonjwa, wa tatu mgongo. Yeye alichukua klabu moja, kisha ya pili kwa kuwa ilikuwa chumba cha jirani, kisha ya tatu kwa kuwa aliyekuwa nayo kahamishwa, na nilipofika mimi kufundisha hesabati, mdogo bado na viatu vinanibana, klabu zote zilikuwa zake. Siku yake ilikuwa Alhamisi, kuanzia sala ya Adhuhuri mpaka baada ya Alasiri. Alhamisi ilichaguliwa kwa sababu moja nzuri: siku hiyo chuoni hakuna kisomo, kwa hiyo hakuna mzazi atakayesema mtoto kaibiwa Kurani yake.

Sasa, jambo la kwanza ambalo lilinishangaza ni kwamba hakujua kufanya kitu chochote katika alivyovilea. Somo lake lilikuwa Jiografia, na hilo alilijua. Lakini kifungo hawezi kukishona. Mpira ukimjia huinama na kufumba macho. Ile ngoma ya kibati, ambayo wachezaji wake hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo na kwa kasi ya ajabu, yeye aliipenda kufa, na kila akipiga makofi alipiga mahali pasipo. Wapiga ngoma walivumilia wee, mwisho wakamwendea kwa adabu kubwa wakamwomba awashikie kikapu, tena kwa mikono miwili.

Siku moja mwanafunzi mmoja mgeni alimwuliza mbele ya watu, "Mwalimu, unalea klabu ya kushona na kushona hujui?"

Akajibu bila kukasirika, "Baba, kwenu hamjapata kumwatamishia kuku mayai ya bata?"

"Tumepata."

"Na kuku yule aliogelea?"

Mtoto akacheka. Lakini nataka uelewe kwamba halikuwa jibu la kumnyamazisha tu. Ndivyo alivyofanya kazi. Kwa kuwa hakujua, alilazimika kuuliza, na kwa kuwa aliuliza kwa dhati, watoto walilazimika kumweleza. Nimemwona msichana mmoja, ambaye darasani kwangu alikuwa kama ukuta, akimfundisha Mlezi namna ya kukata kola ya shati, hatua baada ya hatua, akirudia pale Mlezi alipokunja uso. Niliporudi darasani nikaanza kumtazama yule msichana kwa jicho jengine. Wewe uliye mwalimu kijana na unaogopa kupewa jambo usilolijua, lichukue. Keti chini, uliza, na usijifanye.

Kikapu chake kilikuwa na filimbi, gundi, ndimu na chumvi ndani ya kikaratasi. Filimbi ya nage. Gundi ya kila kitu. Ndimu na chumvi za watu wa mdahalo, maana aliamini kwamba ndimu yenye chumvi hufungua koo lililofungwa na woga. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba mtoto aliyekwisha kukunja uso kwa ukali wa ndimu mbele ya wenzake hana tena aibu kubwa ya kuogopa, kwa hiyo huenda ilifanya kazi kwa njia ya mzunguko.

Klabu yake iliyochekesha watu kuliko zote ilizaliwa siku ambayo Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba kila mwanafunzi lazima awe na klabu. Wakabaki vijana wachache hawataki. Si kushona, si mikoko, si mdahalo, hawataki. Walimu tukasema wachapwe, wengine wakasema waandikiwe wazee wao. Mlezi akawaendea chini ya ukuta wa choo walipokuwa wamejipanga, akauliza:

"Nyote hamtaki?"

"Hatutaki."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

"Basi nyinyi tayari ni klabu. Chumba chenu kile cha mwisho. Alhamisi ijayo mnichagulie mwenyekiti."

Na hivyo ikaanza Klabu ya Wasiotaka Klabu. Mwezi wa kwanza walikaa wakitazamana. Mwezi wa pili walichoka kukaa kwenye madawati yaliyovunjika, wakaomba misumari. Baada ya hapo dawati lolote likivunjika skulini lilipelekwa kwao, nao walilitengeneza huku wakisema kwa sauti kwamba hawataki. Mwenyekiti wao, Kombo, alikuwa kijana mrefu asiyependa kuongea, na alichaguliwa kwa sababu hiyo hasa.

Usidhani lakini kwamba nakuchorea malaika. Alikuwa akiwafundisha watoto kusikiliza, na kwenye chumba cha walimu hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Alisisitiza wakati, na saa hakuvaa. Mdahalo ukinoga alisinzia, kichwa kimeegemea dirisha, kisha katikati ya usingizi akasema, "Hapo umerukia, rudi," na kweli mzungumzaji alikuwa karuka jambo. Na kubwa kuliko yote, mwanamke huyu aliyefundisha vizazi vya watoto kusimama mbele za watu, yeye mwenyewe hakuweza. Darasani alikuwa simba. Mpe kipaza sauti mbele ya wazee wa watoto, sauti inamkimbia, vidole vinaanza kuuchezea mtandio, na kipaza sauti kinahamia kwa mtoto aliye karibu. "Mwanangu atawaelezeni," husema, na anakaa. Miaka yote niliyomjua sikumsikia akitoa hotuba hata moja.

Wanafunzi walilijua hilo na hawakumcheka. Nafikiri walijiona wana kazi ya kumsaidia.

Klabu ya mdahalo ndiyo iliyokuwa na desturi yake ya pekee, na desturi hiyo ndiyo iliyotuletea balaa, kwa hiyo niieleze sawasawa. Skuli nyingi, mada ikitajwa, kila mtu huchagua upande anaoupenda. Mlezi alikataza. Alikuwa na komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazochezewa bao, nusu yake kazipaka rangi nyekundu ya kucha. Zinatiwa ndani ya kitambaa, kila msemaji anaingiza mkono bila kutazama. Ukitoa nyekundu unatetea, ukitoa ya kijivu unapinga. Hakuna kubadilishana, hakuna kurudia. Mtoto wa mvuvi alijikuta akipinga uvuvi. Mtoto wa imamu alijikuta akitetea wanaochelewa sala ya alfajiri, na alitetea vizuri mpaka tukaogopa.

"Jambo unalolipenda hulijui," alikuwa akiwaambia. "Umelizoea tu. Lipinge kwanza, ndo utalijua."

Bingwa wa mdahalo miaka ile alikuwa Mize, msichana wa Makoongwe, kile kisiwa kidogo kinachoonekana mbele ya Mkoani. Mdogo wa umbo, mwepesi wa ulimi, na kila alipotoa komwe alicheka kabla ya kuitazama rangi yake, kwani kwake zote zilikuwa sawa. Alhamisi ndiyo iliyomleta skulini siku nyengine zote. Alilisema hilo mwenyewe, wala hakuona haya.

Basi mwaka mmoja matokeo ya Kidato cha Nne yakawa mabaya. Kila mtu alitafuta sababu, na kamati ya skuli ikaiona Alhamisi. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi na sauti ya kufikia duka la pili, alisema waziwazi: Alhamisi mchana iwe ya masomo ya ziada, na klabu zifutwe. Kuliitwa mkutano wa wazee na walimu, Jumamosi asubuhi, mambo yaamuliwe kwa kunyoosha mikono.

Mwalimu Mkuu, ambaye moyoni alizipenda klabu na usoni aliiogopa kamati, alimwita Mlezi. "Utawaeleza wazee faida zake," akamwambia.

"Watawaeleza watoto," akasema Mlezi, na vidole vikaenda kwenye mtandio.

"Vizuri. Mpe Mize."

"Ntaweka mdahalo. Mmoja wa kutetea, mmoja wa kupinga. Wazee wasikie pande zote."

Mwalimu Mkuu akakubali, kwa kuwa alidhani anajua nani atasema nini. Mimi pia nilidhani. Alhamisi ile, mbele yetu sote, Mlezi akasema msemaji mmoja atatoka mdahalo na mmoja atatoka klabu nyengine, isije ikasemwa tumeleta mafundi watupu. Mdahalo wakamtoa Mize. Klabu nyengine zikaanza kusukumana, na Wasiotaka Klabu, kwa mzaha, wakamsukuma mbele mwenyekiti wao.

Komwe mbili ndani ya kitambaa. Kombo akatoa nyekundu. Alitazama ile mbegu kama mtu aliyekuta mdudu chakulani.

"Mie ndo ntetee?"

"Weye."

Mize hakuhitaji kuingiza mkono. Safari hii hakucheka.

"Mlezi, mie siwezi. Mie nzipinge klabu?"

"Unaweza," akasema Mlezi. "Ndo maana naogopa."

Walipotoka nilimfuata, na kwa mara ya kwanza nilimfikia. Nikamwambia arudie kura. Nikamwambia hili si zoezi, ni Alhamisi yenyewe, ni kazi yake yote. Akakunja kitambaa chake taratibu.

"Nikirudia leo, mwalimu, basi siku zote nilikuwa nacheza nao. Watoto hawatanambia. Lakini watajua."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kamati alifungua kwa dua, kisha akasema, "Haya, tusikie hao watoto, tusikae sana, jua lapanda."

Mize akasimama. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikiomba kimoyomoyo asahau maneno.

"Asalaam aleykum wazee wangu, mama zangu. Mie sitosema klabu ni mchezo. Anayesema klabu ni mchezo hazijui. Mie ntasema habari ya saa. Tunaokaa Makoongwe, klabu inatutoa baada ya Alasiri. Gari ikipita na nafasi tunapanda, ikiwa haina tunakwenda kwa miguu mpaka Mkoani. Mashua haiondoki mpaka ijae. Tukifika kwetu watu washasali Magharibi, na mama yangu yupo ufukweni kasimama. Kila Alhamisi kasimama. Mama hajapata kulalamika, kwa kuwa anaona mwanawe anapenda. Hajapata hata kunambia kama anaogopa. Leo nalalamika mie kwa niaba yake. Mambo mazuri yanayomsimamisha mama ufukweni kila wiki, na hakuna aliyemuuliza, mie nasema yafutwe."

Aliendelea, lakini hapo tayari mambo yalikuwa yamekwisha. Upande wa wanawake mtu akapiga kigelegele, na wengine wakampokea. Mzee mwenye duka alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Eh! Eh! Huyu mtoto wa nani huyu?"

Kombo akasimama. Aliivutavuta mikono ya shati lake mpaka mama mmoja akasema, "Maskini, mwana wa watu." Ndipo akasema:

"Mie ni mwenyekiti wa Klabu ya Wasiotaka Klabu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akangoja.

"Sikuzitaka klabu. Nimeambiwa nizitetee. Nna neno moja tu. Siku nyengine zote nikiwa skuli naambiwa nimekosea. Alhamisi siambiwi. Basi."

Akakaa. Nikafikiri huenda hilo likatosha. Halikutosha. Mwenyekiti wa kamati akasema wanaotaka zifutwe wanyooshe mikono, nami nikiwa mbele nikasikia nyuma yangu ule mvumo wa nguo nyingi zikiinuliwa kwa pamoja, na hapakuwa na haja ya kuhesabu. Watu walipoanza kutoka niligeuka kumtafuta Mlezi. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, anampigia makofi Mize, nje ya mdundo kama kawaida yake.

Mimi na Mlezi tulimkuta msichana mwenyewe nyuma ya tangi la maji, analia mpaka anakwama.

"Nimeziua, Mlezi. Nimeziua klabu."

"Umesema uongo?"

"La."

"Hata neno moja?"

"La. Ndo nlipokaa kutafuta la kusema nkaliona. Sikuwa nimeliona kabla."

"Basi futa machozi. Siku ukisema uongo ukashinda, siku hiyo nami ntalia na wewe." Akatia mkono kikapuni, akampa ndimu. Mize akaila vivyo hivyo, bila chumvi, huku analia, na sura aliyoifanya ilitufanya tucheke sote watatu.

Alhamisi iliyofuata nilipewa mimi darasa la hesabati za ziada. Joto, usingizi, na watoto wananitazama kama nimewaibia kitu. Dirishani nikamwona Mlezi anapita na kikapu chake, hana pa kwenda. Alifika kwenye chumba cha kushona, kimefungwa. Akasimama. Masomo yalipokwisha, kwa saa ile ile ya klabu, maana kamati ilikuwa imebadilisha kazi na si muda, akaongozana na watoto wa Makoongwe mpaka barabarani. Tukadhani anawasindikiza.

Ijumaa asubuhi alikuja na nguo zile zile za jana, mtandio una chumvi ya bahari.

"Umelala wapi, Mlezi?"

"Makoongwe. Mashua ya kurudi hakuna." Akakaa kwenye kiti changu. "Mwalimu, mie nawafunza watoto mito ya Marekani. Makoongwe kila siku naiona kwa macho. Mpaka jana nilikuwa sijapata kuvuka yale maji hata mara moja. Tumefika giza. Tena kweli kinamama wamesimama ufukweni, si mmoja. Nikaulizwa na mmoja, weye ndo Mlezi? Nikasema ndo mie. Akanambia karibu, akanipa chai. Hajanilaumu hata kidogo. Chai ile ilinishinda kuimeza."

Hakusema tena habari ya Alhamisi. Kila wiki alivuka nao, akalala huko, na Ijumaa akaja amechoka na amefurahi. Mwalimu Mkuu alimwambia kwamba si wajibu wake. Akamjibu kwamba anasoma Jiografia.

Kilichobadilisha mambo alikuwa yule yule mzee mwenye duka. Alikuja skulini siku moja, akavua kofia, akaomba kuonana na Mlezi faragha. Faragha kwa sauti ile ni neno tu, sote tulisikia.

"Nna mjukuu wangu, Mlezi. Kijana mkubwa. Mbele za watu hawezi kutaja hata jina lake. Nataka aseme kama yule mtoto wa Makoongwe."

"Yule kafunzwa Alhamisi, Mzee."

"Najua kafunzwa lini. Usinirejeshee maneno yangu mdomoni."

"Mie sirejeshi kitu. Alhamisi ni yenu, mmeichukua kwa haki. Mie nataka Jumamosi asubuhi. Watoto wavuke asubuhi, warudi kabla ya Adhuhuri, wawahi chuo alasiri. Na Alhamisi pia, hayo masomo yenu yakifanywa mafupi, mama zao watakaa majumbani."

Mzee akafikiri. "Hayo ukawaambie kamati."

Vidole vikaenda kwenye mtandio. "Hayo waambie weye, Mzee wangu. Mie kusema mbele za watu siwezi."

Mzee alicheka mpaka akalazimika kukaa. Lakini aliwaambia, na aliwaambia vizuri, na kamati ikakubali. Klabu zikarudi Jumamosi. Sitaki kukudanganya kwamba zilirudi zote. Nage ilipoteza wachezaji wengi, maana Jumamosi asubuhi ni siku ya kufua na kusaidia nyumbani. Kibati ilikaa muda bila wapiga ngoma, wako mashambani na baba zao. Wasiotaka Klabu walitangaza kwamba Jumamosi hawataki zaidi, na wakaja wote.

Mlezi alistaafu baadaye, na kikapu akanirithisha mimi. Sikuwa na udhuru wa kutosha.

Mara ya mwisho kukaa naye kitako ilikuwa mwaka huu, Makoongwe, kwenye harusi ya kaka yake Mize. Mize mwenyewe anasomea ualimu sasa, na siku ile alikuwa akiwapanga watu wazima kama wanafunzi, nani abebe maji, nani aoshe mchele. Mlezi nilimkuta uani juu ya mkeka, katikati ya wanawake, anamenya vitunguu thomu, anamenya vibaya, punje ndogo zinamponyoka, na bibi mmoja anamwelekeza. Pale kisiwani alikuwa kama mwenyeji.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Chukua kisu. Klabu hawajambo?"

Nikamwambia. Mikoko imeshika, mdahalo wapo, na mzee mwenye duka anakuja kusikiliza na kukatiza watu. Akafurahi. Tukamenya. Kisha nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda mrefu: je, kama siku ile Mize angetoa nyekundu?

Hakufikiri hata kidogo. "Angesema vizuri, tungepigiwa makofi, Alhamisi yetu ingebaki. Na mama yule pale," akaonesha kwa kisu kuelekea jikoni, ambako mama yake Mize alikuwa akikoroga sufuria kubwa, "angekuwa anasimama ufukweni mpaka leo."

"Lakini iliniuma moyo, Mlezi," nikasema. "Nilikuwa mbele, naisikia mikono inanyooka nyuma yangu, nikawa nakufikiria weye tu. Uko peke yako, watu wote dhidi yako."

Akaacha kumenya. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la mji wake.

"Dhidi yangu vipi? Mie nilinyoosha mkono na wao."

Kisu kilinisimama mkononi.

"Mtoto kasema, nami nimemsikia. Hoja imenishinda. Ulitaka nikae na mkono mapajani kwa kuwa klabu ni zangu?"

"Na miaka yote hii hukunambia?"

"Hukuniuliza," akasema, akaokota thomu nyengine. "Ulikuwa ushanichagulia upande."